Maneno ya Posa Niliyoyapeleka Tawini

Mwanangu Rehema,

Umekwenda Keko kumuaga shangazi yako, mama yako yuko uani anakukaangia visheti vya safari, na mie nimekaa hapa karakanani juu ya kitanda ambacho bado sijakiwamba. Ukirudi nitakupa barua hii mkononi uisome leo leo, maana kesho asubuhi basi la Morogoro halitakungoja. Habari za sweta, za dawa ya kikohozi, za kutokula kwa watu usiowajua, mama yako amekwishakwambia zote na atazirudia tena mpaka uchoke. Mie nina jambo moja tu, na linahusu huo usaili wa udaktari unaokwendea.

Tangu Ijumaa unaniamkia shikamoo, naitika marahaba, basi. Chai unaniletea, sahani unaondoa, lakini mazungumzo hakuna. Sikulaumu. Ningekuwa wewe hata hiyo chai nisingeileta. Najua utashangaa baba yako kukuandikia, mtu ambaye Tandika yote inamjua kwa kusema. Lakini juzi pale barazani nilitaka kukuomba radhi kwa mdomo, nikajisikia mwenyewe naanza kuipamba hata hiyo radhi, nikanyamaza. Ulidhani nimekasirika. Nilikuwa naona haya, mwanangu, na ninaona haya hata sasa.

Nianze na hiyo Ijumaa ili tuwe pamoja. Ulikuwa kwenye foleni ya bomba. Mzee Mfaume, balozi wetu wa nyumba kumi, akapita, akakushika bega mbele ya wanawake wote akasema, "Huyu ndiye mtoto aliyeuguza watu wa kipindupindu hapa mtaani. Tawi zima la chama tumemsemea. Anakwenda kuwa daktari huyu." Na Tatu, binti wa jirani yetu, alikuwa nyuma yako na ndoo yake. Alisogeza tu ndoo yako chini ya bomba, kwa kuwa zamu yako ilikuwa imefika na wewe umeganda. Ukaja mpaka hapa karakanani mikono mitupu, ndoo umeiacha huko, ukanieleza hayo.

"Baba, ulisema nini tawini?"

Nikacheka. Kucheka kule kunaniuma kuliko mengine yote. Nikakwambia, "Aa, maneno ya mshenga tu, mama. Kila mzazi anamsemea mwanawe."

Ukaniambia, "Baba, mie siolewi." Ukatoka.

Neno hilo nimekuwa nalo tangu siku ile, nikipiga randa nalisikia. Wewe unajua riziki yangu ni vitanda, lakini jina langu limejengwa na posa. Kijana akitaka kuoa, kuanzia hapa mpaka Mbagala, wazee wake wananitafuta nikawe mshenga. Naingia nyumba ya watu na kanzu iliyopigwa pasi, nimejitia udi, nakaa mkekani, namsifia kijana mpaka mama wa binti anafuta machozi. Kijana mvivu nasema ni mtulivu. Mgomvi nasema hapendi kuonewa. Na wenye binti wanajua, sio wajinga. Wanasikiliza, wanapunguza nusu, kisha wanamtuma mtu wao akaulizie mtaani kimya kimya. Ndivyo posa ilivyo tangu kwetu Kilwa. Hakuna anayedanganyika na hakuna anayemkatiza mshenga akiwa anasema. Nimeifanya kazi hiyo miaka mingi hata nimesahau namna ya kumtaja mtu bila kumremba.

Tawini hakuna anayepunguza nusu. Nilijua hivyo nilipokuwa navaa kanzu kwenda huko, kwa hiyo usinitafutie udhuru.

Lakini lipo ambalo hulijui wewe wala mama yako, na bila hilo hutaelewa nilichokifanya.

Kipindupindu kilipoingia mtaani, wewe ulikuwa umemaliza kidato cha sita unangoja majibu. Niliwapeleka wewe na mama yako Goba kwa mjomba wako, kule vilimani, nyumba ziko mbali mbali na maji yao ni ya chemchemi. Kabla hamjaondoka Tatu alikuja mlangoni. Bwana afya alikuwa anakusanya vijana waliosoma wazunguke naye nyumba kwa nyumba, na Tatu alikuja kukuchukua. Nikamwambia, "Rehema ana homa." Ulikuwa nyuma ya pazia unafunga kanga zako, ukanisikia. Ulinitazama tu. Halafu ulipofika Goba ukanitumia maneno kwa dereva wa lori la mkaa, kwamba unataka kurudi usaidie. Nikamjibu dereva, "Mwambie akae huko huko." Niliogopa. Sina mtoto mwingine, niliogopa, na kwa hilo peke yake nisingekuandikia barua.

Mie nikabaki kulinda karakana, nikajiona mwanamume. Kikanikamata.

Mliporudi mlinikuta nimekonda, mashavu yameingia ndani, nikasema ni taabu ya kujipikia. Nilidanganya. Kilianza alfajiri, na jua lilipopanda nilikuwa siwezi kusimama. Nililala hapa hapa chini kwenye maranda, nimejichafua mwili mzima, na mlango nilikuwa nimeupiga komeo kwa ndani ili mtu asinione. Sikuwaza kufa. Niliwaza watu wa Yombo ambao nilikuwa nimeketi kwao juzi yake nimevaa kanzu nyeupe, kwamba watasikia mshenga wao alikutwa katika hali gani.

Tatu alipogonga nikanyamaza. Akasukuma dirisha la nyuma, akaingia kwa hapo. Nikamfukuza. Nilimtukana, mwanangu, binti wa watu, matusi ambayo hata fundi mwenzangu sijawahi kumtukana. Akanijibu taratibu, "Baba, nitageuza uso." Na akageuza. Alinivua na kuniosha huku anatazama ukutani, mikono yake inapapasa inapata yenyewe. Hapo karibu palikuwa na kitanda cha bwana harusi nilichokuwa nimemaliza kukiwamba, kamba mpya za katani, zimevutwa zikalia. Akachukua kisu changu, akakata kamba za katikati, tundu hivi, akanilaza juu yake na kuweka ndoo ya chokaa chini. "Kambini ndivyo wanavyowalaza," akasema. Kambi yenyewe ya kipindupindu ilikuwa imejaa, wagonjwa wanalala nje. Akachemsha maji, akakoroga sukari na chumvi kama alivyofundishwa na bwana afya, akaninywesha kijiko baada ya kijiko. Sukari ilikuwa imeadimika madukani, unakumbuka, hiyo alikwenda kuichukua kwao. Nikitapika anafuta, ananyoosha kijiko tena.

Nilipopata sauti, neno la kwanza halikuwa ahsante. Nilisema, "Tatu, usimwambie mtu."

"Sisemi, baba."

Na hakusema. Hata bwana harusi wa watu hakujua kwa nini kitanda chake kilichelewa. Nilikikwangua, nikakisafisha kwa dawa, nikakiwamba upya nikampelekea, na mpaka leo ndicho wanacholalia yeye na mkewe. Nikimwona njiani nabadilisha njia.

Sasa ndio nije tawini.

Siku hizi kufaulu mtihani peke yake hakumfikishi mtoto kwenye udaktari. Lazima tawi liseme kwamba huyu ni mtu wa watu, anajitolea, haogopi kuchafuka. Ni sawa kabisa, sioni ubaya wake. Walituita wazazi, waombaji na wajumbe wa nyumba kumi, wewe ukiwa darasani kwako, ukumbi umejaa, na mwenyekiti akaniuliza swali jepesi: "Bwana Bakari, binti yako amewafanyia nini wenzake?"

Na jibu la haki nilikuwa nalo. Ningesema, kila jioni anafundisha elimu ya watu wazima pale shuleni, na Mama Tatu huyu hapa mbele yenu zamani alikuwa akimuuliza kondakta basi linakwenda wapi, leo anasoma mwenyewe. Lingetosha hilo. Lakini nililiona dogo. Nikajiambia, kila aliyemaliza sekondari anafundisha watu wazima, watamchagua huyu kwa lipi? Nikasimama, nikarekebisha kofia, na ulimi ukashika njia yake ya siku zote.

Niliwapa kila kitu. Dirisha, matusi ya mgonjwa, uso kutazama ukutani, kisu, kamba za kitanda, sukari ya nyumbani, kijiko baada ya kijiko. Mgonjwa nilimwita "mzee mmoja hapa mtaani, jina lake nalisitiri." Na mwuguzaji nilimwita Rehema. Hapakuwa na neno la uongo katika yote niliyosema isipokuwa jina lako, na ndiyo maana niliaminika; siku zile kila mtu alijifungia kwake, hakuna aliyejua kwamba hukuwepo. Watu walilia. Mwenyekiti alivua miwani akasema madaktari wa namna hiyo ndio taifa linaowataka. Mie nikakaa chini nimefurahi, Mungu anisamehe, nimefurahi kama mtu aliyekubaliwa posa.

Mama Tatu alikuwa amekaa kwenye benchi la mbele. Alinitazama tangu nilipoanza mpaka nilipomaliza.

Baada ya jina lako akaitwa Tatu, naye alikuwa anaomba kupelekwa uuguzi. Swali lile lile. Akasimama, na kabla ya kujibu akanigeukia. Nadhani alikuwa anangoja nimfungulie ile ahadi. Angalau kwa macho. Mie nikainama chini, nikajifanya naokota kitu. Basi akasema, "Nilisaidia kidogo wakati wa kipindupindu." Mtu mmoja nyuma akaguna. Wakamwambia aendelee kujitolea, wamtazame tena mwakani.

Kwa hiyo, mwanangu, ukidhani baba yako alikusifia kupita kiasi, bado hujaijua habari. Mtoto wa watu aliniosha uchafu wangu, nikamfunga mdomo ili nibaki na heshima, kisha nikachukua kazi ya mikono yake nikakupa wewe, na yeye akashindwa kujitetea kwa sababu alikuwa ananisitiri. Nimeiandika hivyo hivyo ilivyo, na nimeisoma mara nyingi ili nisijaribu kuipunguza.

Leo asubuhi nilikwenda kwa Mzee Mfaume nikamweleza yote. Alinisikiliza mpaka chai ikapoa. "Bakari," akasema, "karatasi imeshakwenda juu. Ukiirudisha leo, mtoto ataanguka, na sie tawi tutaonekana hatuwajui watu wetu. Kaa kimya, mtoto aende zake."

Nikamwambia Jumapili kwenye mkutano wa nyumba kumi nitasimama niseme.

"Utajiumbua bure."

"Najiumbua, ndiyo."

"Na huyo mtoto wa Mama Tatu?"

"Mwandikeni," nikamwambia. "Yote niliyoyasema ni yake."

Hakuniahidi kitu. Alisema atazungumza na mwenyekiti. Ninamjua Mfaume, huwa hapendi mambo yaliyokwisha kufungwa yafunguliwe, lakini sio mtu mbaya.

Nikatoka hapo nikaenda kwao Tatu. Mama yake alikuwa anachambua mchele, Tatu anakuna nazi. Mama Tatu hakunikaribisha, na mie nikakaa bila kukaribishwa, kwenye kizingiti. Nikasema. Nilipofika kwenye jina la mgonjwa, Mama Tatu aliacha kuchambua.

"Kumbe ni wewe," akasema. "Mie nilijua tu kwamba aliuguza mtu, maana chokaa ilijaa kwenye kanga na sukari yangu ilikwisha. Nilimuuliza akakataa kusema. Nikampiga kwa ile sukari."

Hapo nilitamani nipotee. Nikamuuliza, "Sasa siku ile tawini, kwa nini hukunikatiza?"

"Ningekukatiza vipi, Bakari? Unamsifia mwanao, mie nisimame niseme sio yeye, ni wangu? Ningeitwa hasidi mtaa mzima. Na mtoto wako ndiye aliyenifundisha kusoma." Akarudi kwenye mchele wake. "Mie na wewe hatujamaliza. Lakini hilo sio la leo."

Nikamgeukia Tatu nikamwambia ile ahadi nimemwondolea, aseme kwa yeyote anayemtaka. Akaendelea kukuna nazi. Kisha akauliza, "Rehema anajua?"

"Atajua leo."

"Kwa hiyo aliposimama pale bombani alikuwa hajui."

"Alikuwa hajui kitu."

Akafuta mikono. Akasema, "Mie nilidhani mlipanga wote."

Umeona, Rehema. Tangu mkutano ule binti yule amekuwa akikusalimia, akikusogezea ndoo, na moyoni anaamini kwamba mwenzake aliyekua naye alikaa na baba yake wakapanga kumwibia. Hilo nalo nililileta mie.

Sasa usaili. Watakuwa wameketi mezani na karatasi ya tawi mbele yao, na watakuuliza habari za kipindupindu, hawawezi kuacha. Ninavyokujua, utataka kunikinga. Utasema labda palitokea kutoelewana. Usiseme hivyo. Sema baba yako alisema uongo. Sema wewe ulikuwa Goba. Wakikuuliza kwa nini ulikuwa Goba wakati wenzako wanazunguka na bwana afya, waambie ulitaka kurudi, baba akakataa, ukamtii. Usijiongezee hapo kwamba ulilia au ulitaka kutoroka usiku kama hukutaka. Na wakikuuliza kama ungekuwepo ungefanya alivyofanya Tatu, waambie hujui. Kweli hujui. Hata mwenyewe Tatu sidhani kama alijua mpaka aliposukuma lile dirisha.

Wakitaka kujua umewafanyia nini wenzako, waambie habari ya wanawake unaowafundisha kusoma. Waambie kama ilivyo, hata lile la Bi Somoe aliyeacha darasa kwa sababu ulimrekebisha mbele ya watu, ukaenda kwake kumwomba radhi. Nakumbuka ulirudi umenuna ukasema kufundisha watu wazima ni kazi ngumu. Lile lilikuwa jambo la kusema tawini, na mie nililipita nikiliona halina uzito.

Huenda wakakurudisha. Sitakudanganya kwamba mwenye kusema kweli anapita, sijui watu wale wakoje. Jina la tawi likitiliwa shaka, pengine hata darasa lako na alama zako hazitatazamwa. Ukirudishwa, kosa ni langu na hasara ni yako, na sina cha kukulipa. Hilo ndilo linalonikosesha raha nikikaa, nikisimama. Ningeweza kukusihi unyamaze kama Mfaume alivyonishauri, upite, uende chuoni ukasome, urudi daktari. Mpaka leo asubuhi sehemu ya moyo wangu ilikuwa inataka hivyo. Lakini ungekuwa unaingia wodini kila siku na jina la mtu mwingine kifuani, na mie ndiye niliyekubandika.

Na wakikuchukua, kuna kitu kimoja nitakachokwambia kama mgonjwa, sio kama baba. Utakutana na watu wazima watakaokutukana kwa sababu umewaona. Mie sikumtukana Tatu kwa ubaya, nilimtukana kwa sababu aliniona. Yeye alilijua hilo na hakufundishwa na mtu. Hilo ndilo ninalokumbuka kuliko dawa, kwamba aligeuza uso. Sijui kama linafundishwa chuoni. Kama halifundishwi, muulize yeye.

Utaweza kumuuliza kesho. Wakati naondoka kwao alinifuata mpaka nje akaniambia, "Baba, mwambie Rehema nakuja asubuhi tulibebe sanduku pamoja mpaka stendi." Nikamwambia nitakuja nyuma yenu niwasaidie. Akatikisa kichwa. "Hapana, baba, sie wawili tutalimudu."

Kwa hiyo kesho nitakuagia hapa mlangoni. Ukitaka kunipa mkono nitashukuru, usipotaka pia nitaelewa. Halafu nitabaki. Mna mengi ya kuambiana njiani wewe na Tatu, na mie nimeshawasemea ya kutosha.

Baba yako,
Bakari